Picha ya Mguu wa Kiboko

Kiboko alimvunja Benedict mguu siku ya Jumamosi, na Jumapili mchana, watu walipotoka kanisani, hapakuwa na mtu Nakwa aliyetaka kusikia habari nyingine isipokuwa bunduki.

Benedict alikuwa akimwagilia kabichi zake kando ya ziwa, alfajiri, kama alivyozoea. Mnyama alitoka kwenye mahindi akirudi majini, akamkuta katikati ya njia. Hakumng'ata. Alimsukuma kwa kichwa tu, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama, na paja la Benedict likavunjika mahali pawili. Mkewe Vailet alisikia ukelele akiwa jikoni, akaja mbio na sufuria, akaipiga kwa jiwe mpaka mnyama akaingia ziwani.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya mtaa. Aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa Sosthenes, mkulima wa mahindi na mbaazi ambaye shamba lake linapakana na la Benedict. Alisema wamekula hasara miaka mitatu, sasa wanavunjwa miguu, na kesho watazikana. Watu wakampigia makofi.

Afisa wanyamapori, Eustace, alimwacha amalize. Alikuwa mtu wa Kagera, mpole, aliyehamishiwa Babati miaka miwili nyuma. Akasema kiboko yule anapita njia ile ile tangu kabla yeye hajafika, na hajawahi kumgusa mtu. Mwezi huu amebadilika. Amemwona kwa mbali akichechemea, na anahisi kuna waya wa mtego umemkaza mguuni. Kama ni waya, daktari wa wanyama atakuja kutoka Arusha, atamlaza kwa sindano na kuutoa, na mnyama atarudi kuwa kama zamani. Lakini daktari haji kwa kuhisi. Anataka picha inayoonyesha waya wenyewe na mguu wenyewe. Eustace akaomba apewe mpaka Jumatano saa sita mchana. Ikifika saa hiyo hana picha, bunduki ataileta yeye mwenyewe.

Wakamkubalia, shingo upande.

Jumatatu alikwenda na Edward, mpiga picha mwenye studio karibu na stendi, mwenye kamera kubwa na lenzi ndefu kama mchi. Lenzi ile inavuta kitu cha mbali mpaka unakihesabia kope, ila inataka jua. Kiboko anarudi majini kabla jua halijatoka. Picha zote za Edward zilitoka kama moshi, na mlio wa kamera yake, kacha, kacha, ulimfanya mnyama ageuke na kuwatazama, wakakimbilia gari. Edward alimwambia Eustace kwamba hapo harudi tena. Akaongeza, nusu kwa mzaha, kwamba kama anataka kamera inayoona gizani, amtafute Romana wa Bagara na kile kidude chake cha mfukoni.

Kidude kile kilikuwa kimemletea Romana maneno mengi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa harusi, ubatizo na kipaimara. Mwaka uliopita aliuza kamera yake kubwa akanunua hii ndogo, nyeusi, isiyozidi kiganja. Wateja walikuwa wakimuuliza mpiga picha yuko wapi, naye amesimama mbele yao. Lakini yeye alijua alichonunua. Ndani yake, kile kipande kinachopokea mwanga kilikuwa kikubwa sawa na cha kamera kubwa, si kile cha simu kinacholingana na punje ya dengu. Kanisani, mishumaa ikiwaka, ilipiga bila taa na bila mlio, na paroko aliyekuwa amechoka na kelele za wapiga picha alimruhusu yeye peke yake kusogea karibu na altare. Ubaya wake nao aliujua. Lenzi ilikuwa moja, haivuti wala haibadilishwi. Betri iliisha kabla bibi harusi hajakata keki. Na penye giza ilitafutatafuta mahali pa kukazia macho kama mtu aliyepoteza miwani.

Eustace alipomwomba, Romana hakukubali papo hapo. Alimuuliza kwanza ni njia ipi. Alipoambiwa, akajua ni ile inayopita nyuma ya shamba la Sosthenes, na Sosthenes alikuwa mjomba wake. Baba yake Romana alipofariki, yeye akiwa darasa la sita, mjomba ndiye aliyemchukua kutoka Mbulu, akamlea Nakwa pamoja na binti yake Anjela, akauza ng'ombe wawili ili amalize kidato cha nne. Aliwaza kwamba akipatikana njia ya kumtuliza yule mnyama, mahindi ya mjomba nayo yatapona. Akakubali.

Jumanne walijaribu kutoka ndani ya gari, hatua hamsini kutoka njiani. Picha ilitoka safi, kila jani la tete likionekana, ila kiboko mwenyewe alikuwa kama harage lililodondoka juu ya mkeka. Walipomkuza kwenye kompyuta, mguu ukawa tope tupu. Eustace akauliza kama haiwezekani kuvuta zaidi.

"Hii haivuti," Romana akamwambia. "Mimi ndiye wa kusogea."

Kando ya njia ile palikuwa na pagala, nyumba ambayo mwalimu mmoja aliianza akahamishwa kabla hajaezeka. Kuta zilifika kifuani, na tundu la dirisha lilitazama njia ya kiboko. Jioni ya Jumanne, kungali na mwanga, Romana alipima kwa miguu kutoka dirishani mpaka kwenye nyayo: hatua kumi na mbili. Eustace alisukuma ukuta kwa mkono, vumbi likamwagika. Matofali yalikuwa yamejengewa tope. Akamwambia wazi kwamba mnyama akiamua kuja, ukuta huu hautamzuia, na yeye hatangoja picha. Atampiga risasi. Romana akaelewa: akikosea yeye, kiboko ndiye anayekufa, kama si wao wawili.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri walikuwa ndani ya pagala. Baridi ya ziwa ilipanda miguuni. Romana alikuwa na betri mbili, lakini umeme ulikatika Bagara tangu jioni, na ile ya pili ilikuwa tupu. Iliyomo ndani ilionyesha nusu. Akiizima kamera, lenzi inarudi ndani, na kuiamsha tena kunachukua muda, na kuna mlio kama wa nyuki ndani ya kopo. Basi akaiacha ikiwaka, akaifunika kwa kitenge ili mwanga wa kioo chake usitoke nje, akawa anaichungulia. Nusu ikawa robo. Mbingu ikaanza kuwa ya kijivu upande wa mashariki. Robo ikageuka nyekundu.

Walimsikia kabla ya kumwona. Mabua ya mahindi yalivunjika, kisha ikaja pumzi, nzito, ya mtu aliyebeba mzigo. Akatokea. Kwa Romana, aliyekuwa amemwona kiboko maisha yake yote kama pua na masikio juu ya maji, ukubwa ule ulikuwa kitu kingine. Mgongo wake ulilingana na kimo cha ukuta.

Akainua kamera, akabonyeza nusu ili ikaze macho. Mbele ya kamera pakawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa.

Alikuwa ameisahau. Ni taa ya kuisaidia kamera kuona gizani, na kanisani huizima kila mara, lakini Jumapili aliiwasha ukumbini alipokuwa akiwapiga picha watoto wa ubatizo. Mwale mwembamba ulivuka dirisha ukaenda kugusa jicho la mnyama. Kiboko akasimama. Akageuza kichwa taratibu, kizima kizima, mpaka akawa anawatazama.

Nyuma yake Romana alisikia chuma cha bunduki kikilia kidogo.

"Bado," alisema, kwa sauti ambayo hakujua kama imetoka.

Aliziba taa kwa kidole. Kamera ikaendelea kutafutatafuta, lenzi ikienda mbele na kurudi, isishike kitu. Akaacha kuitegemea. Alijua ni hatua kumi na mbili, na mkono wake uliijua ile pete ya lenzi ya kukazia macho kama unavyojua funguo za nyumba yake. Akaizungusha kwa kukadiria. Kiboko akaja hatua moja. Ya pili. Romana akairudisha pete kidogo. Miguu ilikuwa imefichwa na majani, na picha ya kichwa isingemsaidia mtu yeyote. Ilimpasa angoje, na kungoja kulimaanisha kumwacha asogee.

Kiboko alisogea tena. Sasa walisikia harufu yake, ya tope na samadi. Alifika penye udongo mtupu, akataka kukanyagia mguu wa mbele wa kulia, akashindwa. Mguu ukabaki unaning'inia, ukitetemeka.

Romana akabonyeza. Hakukuwa na mlio wowote. Akabonyeza tena, na tena, bila kupumua, kidole tu kikifanya kazi, na pale mnyama hakusikia chochote isipokuwa ndege wa asubuhi. Mara ya kumi au kumi na moja kioo kikawa cheusi. Betri imekwisha, lenzi imebaki nje.

Kiboko alisimama kwa muda ambao baadaye Eustace alisema ni nusu dakika, na Romana hakumwamini. Kisha akatoa pumzi, akageuka, akachechemea kwenda majini.

Wakatoka nje ya pagala. Eustace aliuliza kama amepata. Romana akamwonyesha kamera iliyokufa mkononi. Wakakubaliana kwamba yeye atangulie Bagara, na Eustace, akishamaliza kukagua nyayo, amfuate saa nne.

Umeme ulikuwa umerudi. Romana alichomeka kadi kwenye kompyuta akiwa bado na koti. Picha saba zilikuwa hazifai: giza, majani, bega. Ya nane ilikuwa kamili. Akaikuza mara moja, akaikuza tena, na kila alipoikuza haikufifia, ilizidi kusema. Mikunjo ya ngozi ikaonekana. Inzi kwenye kidonda akaonekana. Waya ulikuwa juu kidogo ya kwato, umezama ndani ya nyama mpaka nyama imefura pande zote mbili, na kipande chake, chenye urefu wa mkono, kilikuwa kikiburuzika. Alifurahi hata akagonga meza.

Akakuza mara ya mwisho, na furaha ikamwishia.

Waya ulikuwa wa kusukwa, mnene, na kwenye kile kipande kilichoning'inia palikuwa na alama mbili za rangi nyekundu, zilizopakwa kuzunguka. Romana alizijua. Alikuwa na miaka kumi na minne alipozipaka yeye mwenyewe na Anjela, kwa mswaki wa zamani, kila baada ya futi moja, ili mjomba ajue maji ya kisima yamefika wapi wakati wa kiangazi. Waya ule ulikaa kisimani kwa mjomba miaka yote. Na jana jioni, aliponawa miguu pale baada ya kutoka kwenye pagala, alivuta ndoo kwa kamba mpya ya nailoni, asijiulize kwa nini.

Ilikuwa saa mbili na nusu.

Jambo la kwanza alilofanya hakumwambia Eustace mpaka ilipopita miezi. Alijaribu kuipunguza picha, awe na picha ndogo ambayo waya unaonekana na alama hazionekani. Haikuwezekana. Alama zilipopotea, waya nao ulipotea, ukawa tope kama Jumanne. Basi akafanya kile anachofanya kila siku kwa chunusi za mabwana harusi: akachukua rangi ya waya, akaipitisha juu ya wekundu. Haikuchukua hata dakika tano. Akawa na picha mbili, na hapana daktari wala afisa duniani ambaye angejua ipi imeguswa. Akaziweka zote mbili kwenye flashi, akapanda bodaboda kwenda Nakwa.

Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Alimwamkia, akaitikiwa, akavutiwa kigoda. Mama Anjela, mke wa mjomba, alikuwa amekwenda hospitali kumwona Benedict. Romana hakuzunguka. Alisema amepata picha, waya upo, na una alama nyekundu.

Sosthenes aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akasema alitega nguruwe pori.

"Mjomba, waya wa kisima haumtegi nguruwe."

Sosthenes alisimulia akitazama chini. Alisema Februari aliamka akakuta nusu ekari imelala chini, mahindi yaliyokuwa yamefika kifuani, na akapeleka taarifa, na hakuna aliyekuja. Akautoa waya kisimani, akaufanya kitanzi na kuufunga kwenye kisiki. Alidhani mnyama atakwama, watu watamwona, serikali italazimika kumwondoa. Asubuhi alikuta kisiki kimeng'olewa na waya hakuna. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Na Jumamosi aliposikia sufuria ya Vailet ikilia, alijua kabla hajafika.

"Na Jumapili ukasimama ukasema auawe."

"Akifa, waya unafukiwa naye," alisema Sosthenes.

Romana alimwambia kuhusu picha ya pili. Hakukusudia kumwambia, maneno yalimtoka kwa sababu alimwona mjomba anapukuchua tena lile gunzi tupu. Akaona jinsi uso wake ulivyofunguka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba alifurahi upesi hivyo.

"Basi mpe hiyo," mjomba akasema. "Mnyama atatibiwa, si ndiyo mnachotaka? Benedict atapona. Nani anaumia?"

Romana aliuliza kama mjomba amekwenda kumwona Benedict. Sosthenes akasema amekwenda mara mbili. Jumapili alimpelekea uji, akamshikia kikombe mwenyewe, kwa kuwa Benedict alikuwa hawezi kuinuka. Benedict alimshukuru sana.

Romana akasimama. Alisema atatoa ile ya kweli. Alisema kwa kigugumizi, akiomba radhi huku anasema. Alipofika barabarani aligeuka, akamwona bado amekaa pale pale.

Saa nne Eustace alifika studio kwa Romana. Romana alifuta moja ya zile picha mbele yake, bila kueleza, akampa flashi. Eustace aliinama kwenye kioo akatazama kidonda, akatikisa kichwa, akatuma picha Arusha kwa simu hapo hapo. Daktari alijibu kabla ya saa sita: anakuja kesho, kazi ataifanya Ijumaa alfajiri. Kuhusu alama nyekundu Eustace alisema tu kwamba mwenye waya huu atajulikana, na kwamba atachapisha picha kubwa na kuitisha mkutano mwingine alasiri, watu waone kwa macho yao kwa nini asiuawe. Hakumuuliza Romana kama anaujua. Romana naye hakusema. Alikuwa amefikiri kwamba kuitoa picha ndiko kusema kwenyewe. Sasa aliona kwamba bado.

Mkutano ulianza saa tisa. Eustace alieleza, kisha akampa mwenyekiti wa mtaa ile picha, naye akaipitisha. Ilikwenda mkono kwa mkono. Romana alikuwa amesimama pembeni, na aliona jambo ambalo hakulitarajia. Kila aliyeipokea alianza kwa kustaajabu kidonda, akaonyesha kwa kidole, kisha akanyamaza. Akampa mwenzake bila kumtazama. Ilipofika safu ya tatu, uwanja wote ulikuwa kimya. Romana akaelewa. Kila kiangazi, mabomba yanapokauka, nusu ya watu wale huteka maji kwa Sosthenes, na hajawahi kumkataza mtu. Viganja vyao vyote vilikuwa vimeupitia waya ule.

Wengine walitazama viatu. Mama Anjela alipoishika picha, aliitazama kitambo, akaiweka mapajani, akaifunika kwa mkono, mpaka jirani yake akaitoa polepole chini ya kiganja. Sosthenes alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kofia magotini.

Romana alikuwa amejiambia kwamba ikifika mwisho bila mtu kusema, atasema yeye. Alihesabu: watu sita, watano. Kisha picha ikafika kwa Vailet.

Vailet alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, bado ana kikapu cha vyombo. Aliishika kwa mikono miwili.

"Huu waya nimeuvutia maji," alisema. Hakupaza sauti. "Mwaka jana, nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Baba Anjela ndiye aliyenisaidia kuinua ndoo."

Sosthenes akasimama. Alijaribu kuanza mara mbili. Mwisho akasema waya ni wake, mtego ni wake, na mguu wa Benedict ni juu yake. Akavuka katikati ya watu akaenda kusimama karibu na Eustace, kama mtu aliyekwisha kukamatwa. Eustace alimwambia akae. Hakukaa.

Ijumaa kazi ilifanyika. Kiboko alipigwa sindano kwenye udongo mtupu karibu na pagala, akataka kukimbilia majini, ambako angezama, na gari mbili zikamzuia mpaka akaanguka. Daktari alikata waya kwa mkasi wa chuma na kusafisha kidonda, akasema ungefika mfupani ndani ya wiki mbili. Romana alipiga picha zote, kwa karibu, jua likiwa limetoka. Edward alikuja na lenzi yake ndefu akapiga kutoka juu ya gari, na siku ile za Edward zilikuwa nzuri kuliko zake.

Sosthenes alilala mahabusu usiku mmoja, akatoka kwa dhamana, na kesi yake ikawa inaahirishwa. Alipalilia kabichi za Benedict kabla ya zake, asubuhi kila siku, na Vailet alimwachia afanye, ingawa hakumkaribisha ndani. Mjomba hakumpigia Romana simu. Mama Anjela alisema apewe muda. Wiki tatu zikapita, na Romana, kila aliposikia kikohozi nje ya studio, aliinua kichwa.

Mjomba alikuja Jumatatu ya wiki ya nne, amevaa koti la kanisani. Mahakama ilikuwa imetaka picha nne za pasipoti. Studio ya Edward ilikuwa njiani, karibu na alikoshukia, lakini hilo hawakulizungumza. Romana alimwamkia. Alimwitikia. Akamwonyesha kiti, akawasha taa, akachukua kamera ndogo, kisha akasita, akaiweka.

"Mbona unaiacha?" Sosthenes akauliza.

Alimweleza kwamba kwa uso wa karibu haifai, inaivuta pua, na mtu anatoka si yeye. Ataazima nyingine hapo jirani. Mjomba alifikiri.

"Rudi nyuma, basi," akasema. "Si ulisema wewe ndiye wa kusogea? Eustace alinisimulia."

Romana alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Hapo uso ulikaa sawasawa, mdogo katikati ya kioo, na alijua anaweza kuukata baadaye bila kupoteza kitu. Alimwomba ainue kidevu kidogo. Mjomba akainua. Alikuwa amekonda. Romana alibonyeza, na kwa kuwa hakukuwa na mlio, Sosthenes aliendelea kukaa vile vile, bila kupepesa, akingoja.

"Tayari, mjomba," akamwambia.

Mjomba alibaki kwenye kiti wakati picha zinachapwa. Akauliza kama Romana ameshakunywa chai.